Kijana amemaliza kifungo na ufundi anao: je, nimkabidhi funguo za karakana?

Fundi Samani, Mwanjelwa – Mbeya

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu wote, na wakubwa wangu shikamooni. Naleta kwenu jambo linalohitaji ushauri wa watu waliotulia, kwa sababu majirani zangu kila mmoja ameshachagua upande kabla ya kusikiliza.

Nina karakana ya samani hapa Mwanjelwa. Tunatengeneza vitanda, makabati, meza na milango, kwa kawaida kwa mbao za paina kutoka Mafinga, na kwa mninga pale mteja anapomudu gharama. Miezi kadhaa iliyopita nilimpokea kijana wa jirani yangu wa zamani, aliyekuwa amehukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kosa la kuvunja duka usiku na kuiba. Kwa kuwa mwenendo wake gerezani ulikuwa mzuri, alipata msamaha wa theluthi moja ya adhabu kama sheria inavyoruhusu, akatoka baada ya miaka mitatu na miezi minne. Useremala alijifunza akiwa Gereza la Ruanda, nami nimeshika randa tangu ujana wangu, kwa hiyo naomba mniamini ninaposema kwamba kijana huyu kazi anaijua. Wiki ya kwanza nilimpa mguu wa meza auunge na fremu yake. Hakugusa msumari. Alichora mistari kwa penseli pande zote nne, akachonga ulimi, akatoboa tundu kwa patasi, akajaribisha, akautoa, akapunguza kidogo sana upande mmoja, na aliporudisha mguu ule ulihitaji kugongwa kwa kiganja tu. Mafundi wengine nilionao hawafanyi hivyo mpaka niwe nimesimama nyuma yao.

Tatizo lilianza nilipomtuma kwenda kuchukua vipimo vya kabati la jikoni nyumbani kwa mteja. Mama mwenye nyumba alimtambua, na kesho yake asubuhi alituma mtu kuja kudai kianzio chake. Nilimrudishia chote, kwa sababu fedha ni yake na nyumba ni yake, lakini jambo hilo liliniuma. Tangu hapo wenzangu wa biashara hii wanawaambia wateja kwamba kwangu kuna mwizi. Hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu sote tunajua wateja wa mji huu wanalalamikia nini juu yetu mafundi: fundi anapokea kianzio, anaahidi Jumamosi, Jumamosi inafika simu haipatikani, au anatengeneza kabati kwa mbao mbichi, na kabla mwaka haujaisha milango imepinda na haifungi. Wanaofanya hivyo hawajawahi kusimama mbele ya hakimu hata mara moja.

Siasa nayo ikaingia. Kijana alitaka kujiunga na kikundi cha vijana kinachoomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Kikao kilipofika kwenye jina lake, mmoja akakumbusha kwamba zamani alikuwa akivaa fulana ya chama fulani kwenye mikutano. Basi mazungumzo yakageuka: hawa wakasema alifungwa kwa sababu ya siasa, wale wakasema chama hicho ndicho kinacholea wezi. Yote mawili si kweli. Alifungwa kwa wizi, na yeye mwenyewe anasema hivyo bila kuficha.

Maswali yangu ni haya. Mimi nakaa Uyole, na kazi inatakiwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi. Je, nimkabidhi funguo awe anafungua? Je, nina wajibu wa kumweleza kila mteja historia yake kabla ya kumtuma nyumbani kwake? Na je, ni busara kumdhamini katika mkopo?

Mstaafu wa Magereza, Tukuyu

Marahaba, mwanangu. Nilitumikia Jeshi la Magereza hadi kustaafu, na sehemu ya utumishi huo niliifanyia Mbeya, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Jambo la kwanza, usiushangae ufundi wake. Ruanda kuna chuo cha ufundi cha Magereza, na mfungwa anayepata nafasi pale akiwa na nia anatoka na mikono iliyoiva, kwa sababu muda anao na mwalimu anarudi kila siku. Wengi hawapati nafasi hiyo. Uwezo rasmi wa magereza yetu kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa watu 29,902, na karibu nusu ya waliokuwamo walikuwa mahabusu, yaani watu ambao kesi zao hazijaisha na ambao hawapangiwi mafunzo kama mfungwa aliyehukumiwa. Julai 2018, Rais Magufuli alipoagiza kwamba wafungwa wafanye kazi na wajilishe wenyewe, watu walibishana sana kama agizo lile ni la haki au la ukatili. Swali langu wakati ule lilikuwa jingine: ni kazi gani? Shamba la gereza linamlisha mfungwa akiwa ndani. Kuunga mguu wa meza kunamlisha akishatoka, na tofauti ya hayo mawili ndiyo tofauti ya mtu anayerudi gerezani na asiyerudi.

Jambo la pili ni lile ambalo gereza haliwezi kumfundisha. Ndani, kuna anayekuambia saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kuhesabiwa na saa ya kulala. Funguo anazo mwingine. Fedha hushiki. Mtu akiishi hivyo miaka mitatu, uamuzi mdogo kabisa wa siku unakuwa mzito kwake. Kisha siku moja anapewa nguo alizoingia nazo na nauli ya kumfikisha kwao, na lango linafungwa nyuma yake. Mtihani wake wa kwanza utakuwa siku ya malipo. Nimewaona vijana wenye ufundi mzuri wakirudi kwetu, na kila nilipowauliza, habari ilianza Jumamosi jioni, fedha ikiwa mfukoni na marafiki wa zamani wakiwa wamemsubiri njiani. Kaa naye umuulize kama angependa sehemu ya malipo yake iwekwe benki au kwenye kikoba. Usiizuie kwa amri yako. Muulize, na akikataa mlipe yote.

Kuhusu wateja, usimtangaze. Alipewa adhabu na mahakama, akaimaliza, na hakuna aliyekupa wewe kazi ya kuiendeleza. Lakini mteja akikuuliza waziwazi, usimdanganye.

Kuhusu funguo, nakushauri usimpe sasa, na usimwambie kwamba hatapewa kamwe. Mafundi wako wengine walikaa muda gani kabla hujawaamini na mlango? Muda huohuo uwe wake. Ukimpa mapema ili kuonyesha moyo wako, siku patasi moja itakapopotea wote watamtazama yeye, hata kama imeangukia kwenye maranda.

Na niseme hili kwa uchungu kidogo. Watu wa Mbeya tunakwenda Uwanja wa Sokoine kuishangilia Tanzania Prisons, tunawaita Wajelajela kwa mapenzi, na wachezaji si wafungwa, najua. Lakini aliyekaa nyuma ya ukuta wa Ruanda akirudi mtaani, tunaingiza ndoo zetu ndani.

Mama Mbao, Mafinga

Kamwene. Nimesoma swali na jibu la Mzee wetu, na ninamheshimu, lakini naomba nizungumze kwa niaba ya watu ambao hawajatajwa hapa hata kidogo, yaani walioibiwa.

Ninauza mbao. Stoo yangu iliwahi kuvunjwa usiku, zikachukuliwa mbao zilizokwisha kurandwa na msumeno wa mnyororo ambao nilikuwa bado naulipia kwa mkopo. Aliyehusika alikamatwa, akashitakiwa, akafungwa. Mimi niliitwa mahakamani kutoa ushahidi, nikatoa, nikaambiwa naweza kwenda. Tangu siku ile sikuwahi kuulizwa neno lolote: si kama nimepata hasara kiasi gani baada ya hapo, si kama naweza kulala, si kama ningependa mtu yule anilipe hata kidogo kidogo. Mkopo niliendelea kuulipa mimi. Nimesikia kwamba mahakama ina uwezo wa kuamuru mkosaji alipe fidia, lakini kwangu jambo hilo halikutajwa. Kwa hiyo ninaposikia kwamba amemaliza adhabu na hadaiwi kitu, najiuliza hadaiwi na nani. Serikali ameshailipa. Mimi je?

Ndugu yangu wa Mwanjelwa, hujatuambia kuhusu mwenye duka lililovunjwa. Yuko wapi? Kijana amewahi kwenda kwake? Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko cheti chochote cha ufundi, kwa sababu mtu anaweza kujifunza kuunga meza bila kubadilika moyo, lakini ni vigumu kwenda kusimama mbele ya uliyemuumiza bila kuwa umebadilika.

Funguo usimpe. Huyo mama wa kabati la jikoni simlaumu. Mwanamke anayeishi na watoto, akimwona mtu aliyefungwa kwa kuvunja duka anapima ukuta wake na kuona madirisha yalivyokaa, hakosei kuogopa. Ungeweza kumpeleka wewe mwenyewe kwa mara ya kwanza, ukae naye, upime naye.

Msaidizi wa Kisheria, Iringa

Shikamoo Mzee, na pole sana Mama kwa yaliyokukuta. Nitajibu maswali kwa upande wa sheria, kisha niseme machache kuhusu siasa.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 22, inampa kila mtu haki ya kufanya kazi, na ibara ya 12 inadai kila mtu aheshimiwe utu wake. Hakuna mahali inaposema isipokuwa aliyewahi kufungwa. Zipo nafasi ambazo sheria inaweka sharti la mwenendo, na mwajiri anaweza kudai cheti cha tabia njema kinachotolewa na Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole, lakini karakana binafsi haina wajibu wa kukidai, wala wewe huna wajibu wa kisheria wa kuwasomea wateja hukumu ya mfanyakazi wako. Wajibu ulio nao ni kwamba kazi na mali ya mteja viwe salama mikononi mwa watu wako wote. Mteja akiibiwa na fundi uliyemtuma, atakuja kwako kwanza.

Kuhusu cheti cha ufundi, kijana asiridhike na karatasi aliyotoka nayo kama haitambuliki nje. VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa, na akifaulu anapewa cheti kinachotambulika. Kwa mtu wa aina yake, hilo lina faida kubwa.

Kuhusu udhamini, tafadhali soma kabla ya kusaini. Mdhamini hudaiwa mkopaji anaposhindwa, na katika mikopo ya vikundi wanachama hubebana. Kama wenzake wenyewe wamegawanyika juu yake kabla fedha haijatoka, kikundi hicho hakifai kwa mtu yeyote, awe amefungwa au hajafungwa. Atafute watu wachache wa ufundi mmoja wanaofahamiana.

Mama, umegusa jambo ambalo wengi hatulisemi. Ni kweli kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuamuru fidia kwa aliyeathirika, na ni kweli kwamba walio wengi hawajui kuiomba. Ipo pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo kwa adhabu isiyozidi miaka mitatu humwezesha mkosaji kutumikia kwa kufanya kazi za umma bila malipo huku akilala kwake, chini ya usimamizi. Kosa la kijana huyu lilikuwa kubwa kuliko hapo. Lakini wapo vijana wengi waliopelekwa gerezani kwa wizi wa kuku na simu, wakakutanishwa na wazoefu, ambao wangeweza kubaki kijijini wakifagia zahanati na kulipa walichoiba.

Sasa siasa. Kila jambo la gereza katika nchi yetu tunalipokea kwa jicho la chama. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais alitoa msamaha uliowagusa wafungwa 8,157, na majina mawili ya wanamuziki, Nguza Viking na mwanawe, yakatawala mazungumzo yote. Februari 2018, aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini, Joseph Mbilinyi, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano na kupelekwa Ruanda. Mji mzima ukazungumzia gereza hilo, wengine kwa hasira, wengine kwa kuridhika, na alipotoka Mei mwaka huohuo mazungumzo yakatoka pamoja naye. Waliobaki ndani walikuwa walewale, na wale walioachiwa kwa msamaha walirudi katika vijiji ambavyo hakuna aliyejua watapokewaje. Kamati za vyama zilikuwa na nguvu ya kuuliza. Hazikuuliza, kwa sababu mfungwa wa kawaida hana kundi nyuma yake. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Samia, nayo pia wengi wetu tuliijadili kwa kuuliza inamfaidisha nani kwenye uchaguzi.

Kuhusu ile fulana, kijana ana haki ya kuivaa hata leo. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichowanyima kura waliohukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi sita kinakiuka Katiba. Kama mtu aliye ndani anatetewa haki yake ya kura, aliyemaliza adhabu hawezi kuhojiwa chama chake ili apewe mkopo wa halmashauri, ambao fedha zake zinatokana na ushuru wa sisi sote.

Mjumbe wa Mtaa, Vwawa

Ndugu Msaidizi wa Kisheria, nimekubali mengi uliyosema, lakini usituhukumu viongozi wa chini wote kwa pamoja. Sisi ndio tunaoandika barua za utambulisho, na mtu akileta madhara anayefuatwa ni aliyemwandikia. Nimewahi kumwandikia barua kijana aliyetoka gerezani, nikaulizwa na viongozi wa juu yangu kama ninawatafutia watu wa upande wa pili mtaji. Niliandika hata hivyo. Ninachoomba ni kwamba gereza linapomwachia mtu, ofisi ya kata ijulishwe mapema, ijue amejifunza nini na anarudi kwa nani. Sasa hivi tunamwona dukani ananunua sabuni ndipo tunajua amerudi, na wa kwanza kutuambia ni watu wa maneno.

Mpima Viazi, Makambako

Ndugu zangu, mimi ni mmoja wa hao mnaowazungumzia, kwa hiyo naomba mnivumilie nikisema kwa urefu kidogo.

Nilifungwa kwa wizi nikiwa kijana. Nilipotoka nilirudi mkoani kwetu Njombe, nikapata kazi ya kupakia viazi. Kazi yenyewe ni hii: mnunuzi anakuja shambani na magunia yake, mkulima anayajaza, na mnunuzi anadai gunia lifikie lumbesa, yaani lijazwe hadi juu, kisha liongezewe kilemba kwa kushonewa wavu, mpaka liwe refu kama mtoto wa shule. Sheria ya Vipimo inakataza, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanalitangaza jambo hili kila msimu. Hata hivyo nimeinua magunia ambayo watu wawili hatukuweza kuyafikisha kwenye gari. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Ile ziada ni jasho lake, mbolea yake na mbegu yake, nayo inaondoka bila kulipiwa, mchana kweupe, mbele ya watoto wake.

Siku zote hizo, aliyekuwa akitazamwa mikono ni mimi. Nikisogea kwenye koti la mtu lililotundikwa mtini, mazungumzo yanakatika. Mnunuzi aliyekuwa akichukua kilo nyingi za bure kwa kila gunia alikuwa akikaribishwa kiti na kuitwa bosi. Sisemi haya kupunguza kosa langu. Niliiba, niliadhibiwa, na ilistahili. Ninachosema ni kwamba jamii yetu imeamua kwamba mwizi ni yule aliyekwisha kuhukumiwa, na uamuzi huo unawaumiza hata wanunuzi na wakulima, kwa sababu macho yote yakiwa kwangu, mizani hakuna anayeitazama. Baadaye kikundi chetu cha wakulima kilinunua mizani, wakanichagua mimi nisome na kuandika. Mzee mmoja ndiye aliyependekeza, akasema aliyekwisha kuonja gharama ya wizi atakuwa mwangalifu na kilo za watu. Sijui kama hoja yake ilikuwa sahihi. Najua kwamba tangu siku ile sikutaka kalamu ile ichukuliwe na mtu mwingine.

Mama wa Mafinga, umeuliza kama kijana amekwenda kwa mwenye duka. Mimi nilikwenda kwa niliyemwibia. Ilinichukua muda mrefu kupata ujasiri, na nilimkuta mwenye hasira, akanifukuza. Nilirudi baadaye nikiwa na baba yangu mdogo, nikampa nilichokuwa nacho, naye akakipokea bila kunitazama. Hatujawahi kuwa marafiki. Lakini tukipishana sokoni hashiki mfuko wake.

Kwa hiyo, Fundi, kama mwenye duka yupo, msaidie kijana kumfikia. Asiende peke yake. Aende na mtu mzima, na asiende mikono mitupu.

Mama Mbao, Mafinga

Ndugu wa Makambako, nimekusoma mara mbili. Aliyevunja stoo yangu hajawahi kuja, na nilidhani kwamba hawaji kwa sababu hawajali. Sikuwa nimefikiri kwamba mtu anaweza kukaa muda mrefu akitafuta ujasiri. Kuhusu funguo bado msimamo wangu ni uleule.

Fundi Samani, Mwanjelwa – Mbeya

Nawashukuru wote, ndaga. Nimekaa na kijana jioni na kumsomea majibu yenu, yakiwamo yale makali, kwa idhini yake.

Mwenye duka yupo. Amehamia Chimala na bado anafanya biashara. Kijana anasema amekuwa akimfikiria tangu alipotoka, ila aliogopa kwamba akionekana karibu na duka lile ataitiwa mgambo. Tumekubaliana kwamba kwanza nitampigia simu mimi nimwombe ruhusa, na akikubali tutakwenda pamoja na baba yake mkubwa. Kijana ameomba nimkate sehemu ya malipo yake kila wiki kwa ajili hiyo, kiasi amekitaja mwenyewe, na nimemwandikia ili abaki na nakala.

Funguo nitaendelea kuzishika mimi na fundi wangu mkongwe, ambaye alizipata baada ya kumaliza mwaka. Kijana nimemwambia hivyo waziwazi, kwamba mwaka wake nao unahesabika tangu siku aliyoanza kazi. Vifaa vyote sasa vinaandikwa kwenye daftari asubuhi na jioni, na kila fundi anasaini alichochukua, nami nikiwamo. Kwenda kwa wateja tutakwenda wawiliwawili kwa kila fundi mpya. Mkopo wa kikundi kile tumeuacha. Kesho anakwenda ofisi za VETA kuuliza utaratibu wa kupimwa ujuzi.

Mama Mbao, nilikuwa naomba pia kujua kama una paina iliyokauka vizuri, mbili kwa nne na moja kwa nane, kwa sababu nina makabati mawili ambayo sitaki yapinde.

Mama Mbao, Mafinga

Ninazo, zimekaa kivulini tangu kiangazi, na vipimo vyake ni kamili, si zile zinazopunguzwa mashineni halafu zikauzwa kwa jina la mbili kwa nne. Gari litapakia Alhamisi. Mzigo ukifika Mwanjelwa, huyo kijana ndiye aupokee, ahesabu ubao mmoja mmoja na asaini yeye, kisha anipigie simu anisomee idadi kabla dereva hajaondoka.